Kadi Moja ya Anglezi

Élisabethville, karakana ya chapa, Jumamosi alasiri

Zaina,

Mambo ya chumvi, ya kufunga godoro, ya kutokula vya wauzaji wa stesheni, shangazi yako Mwavua amekwisha kukuambia mara tatu, na kesho ndani ya treni atakuambia mara ya nne. Mimi sina la kuongeza hapo. Nakuandikia kutoka karakanani, nimekaa mbele ya madroo ya herufi, kwa sababu nyumbani Kamalondo wanawake wanakuimbia na mimi sikuweza kukaa katikati ya nyimbo zile. Patroni amekwenda kwa Wazungu wenzake kule Golf na kuniachia ufunguo wa karakana. Ananiamini sana, patroni.

Hii si barua ya baraka. Baraka utazipata kesho kwa wazee, wanazo nyingi na hawazionei uchungu. Mimi ninazo habari tu. Ni mbaya, na aliyezitenda ni mimi, kwa hiyo kaa mahali palipotulia na usisome kwa sauti.

Unazijua herufi za anglezi. Ndizo ulizojifunzia kusoma. Nilikuwa nakuletea karatasi za majaribio, zile zilizochafuka wino, na nyingi zilikuwa za vifo vya Wazungu, ndiyo maana ukiwa na miaka saba ulikuwa unajua kuandika msalaba na «kwa masikitiko makubwa» kwa Kifaransa kabla hujajua kuandika jina la mama yako. Herufi nyingine karakanani zimesimama wima na kila mtu huzigusa. Anglezi zimelala kidogo upande wa kulia, nyembamba hapa, nene pale, na kila moja imemshika mwenzake mkono, hata ukisoma neno zima unadhani mtu mwenye kalamu nzuri ameliandika bila kupumzika. Hakuna aliyeandika. Ni vipande vya madini ya risasi vilivyopangwa na mtu mweusi mwenye kucha chafu, kinyumenyume, kwa koleo dogo.

Shida yao ni mikia. Herufi kubwa za anglezi zina mikia inayotokeza nje ya miili yao, hewani, kama mtu aliyekalia ukingo wa benchi. Ukiipa herufi jirani mbaya, au ukigonga kabari za kukazia kwa pupa, mkia unakatika. Hapo hakuna gundi wala mganga; herufi inarudi kwenye chungu cha kuyeyushia. Miaka ishirini mimi sikuwahi kuvunja hata moja. Watu walinisifu kwa hilo, nami nikaanza kuamini kwamba mtu asiyevunja herufi ni mtu mwema.

Sheria ya patroni ilikuwa fupi: anglezi ni za Wazungu. Mweusi akija kutangaza harusi apangiwe herufi za kawaida, ashukuru, aende. Lakini aliyeisimamia sheria hiyo hakuwa patroni, maana yeye hakuonana na weusi. Nilikuwa mimi. Unamkumbuka yule karani wa Kampemba niliyewasimulia habari zake? Alikuja na mke wake, amevaa kravati, akataka kadi za ubatizo kwa anglezi. Nikamwambia mbele ya mkewe, «Weye njo unataka anglezi? Kwanza ujue kufunga iyo kravati, ndugu.» Mke akatazama chini. Jioni nikaileta hadithi ile nyumbani kama mtu aletaye nyama. Nawe ukacheka, ulikuwa na miaka kumi na moja, na mtoto hucheka baba yake anapocheka. Sikuona haya hata kidogo. Ninaona sasa, na haya zangu hazimsaidii karani.

Sasa Amisi.

Najua hujalitamka jina hilo nyumbani kwangu miaka mitatu. Lisome tu.

Amisi nilimleta mwenyewe. Alikuwa yatima wa Kongolo, nikamtoa kwenye kazi ya kufagia, nikamfundisha kupanga herufi, na kwa mwaka mmoja alifahamu kile nilichokifahamu kwa sita. Alipokuja na posa nilifurahi kweli, usidhani nilijifanya. Nilikuwa namtazama Jumapili anavyokaa nje kwenye mkeka, anakula ameupa mlango mgongo, kwa sababu kwetu watu wa Maniema mkwe hali mbele ya baba mkwe, hamtazami usoni wala hamkanushi. Wewe ulikuwa unamchungulia dirishani na kumcheka, «Baba, mwambie ageuke, nzi zitamukulia maharage!» Hakugeuka. Heshima yake ilikuwa imenyooka kuliko mstari wowote niliowahi kupanga.

Kadi za harusi yenu nilitaka ziwe za anglezi. Mimi ndiye niliyetaka. Yeye alisema, na nakumbuka neno kwa neno, «Baba, tuweke tu zile za kawaida. Zile za bazungu zitatuletea maneno.» Nikamwambia binti yangu hawezi kutangazwa kwa herufi za tangazo la mbolea. Siku ya Jumamosi, Wazungu walipokwenda kulala mchana, nikafungua droo na kuzipanga peke yangu. Amisi alikwenda kunawa mikono, makusudi, asione. Nilichapa kadi arobaini. Nilipoliona jina lako limelala pale, Zaina, na Z yake ikitupa mkia chini ya herufi zote kama mtu anayetandika mkeka, machozi yalinitoka. Kadi zilikuwa zimekwisha kutoka, ilibaki kuzifungua herufi. Nikagonga kabari mara moja zaidi ya inavyotakiwa, na ule mkia ukakatika.

Z zilikuwa mbili tu droo nzima. Nikakirudisha kile kigutu mahali pake, nikazificha kadi, nikaomba Mungu Wazungu wasizae mtoto wa kuitwa kwa Z.

Jumatatu patroni mwenyewe akafungua droo, kuhesabu herufi za kuagiza Ulaya. Akaiinua Z kati ya vidole viwili. «Sefu. Nani navunja hii?»

Amisi alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, ameshika rola ya wino. Nikasema, «Amisi, patroni. Alikamata ufunguo mu koti yangu.»

Patroni akamgeukia. «Weye. Iko kweli?»

Amisi akaniangalia usoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu posa ipokewe, na ndiyo mara moja aliyovunja adabu kwangu. Kisha akatazama chini, akasema, «Kama baba alisema, iko vile.»

Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo ningependa kujificha. Sikusema lile neno kwa kuchanganyikiwa. Nilijua atakavyojibu. Kama angekuwa mtu mwingine yeyote pale karakanani nisingethubutu, angepiga kelele, angeapa, angetaka kadi zitafutwe. Nilimchagua yeye kwa sababu alikuwa mkwe wangu, na mkwe hawezi kumwita baba wa mchumba wake mwongo mbele ya Mzungu. Adabu ile ile niliyokuwa naifurahia Jumapili nikaitumia kumfunga mdomo.

Patroni alimfukuza kazi na kuita polisi; Amisi alikaa korokoroni wiki mbili na kila asubuhi walimchapa fimbo. Asiye na kazi hana haki ya kukaa mjini, unajua, kwa hiyo walimchania kitambulisho na kumpakia kwenye treni ya kaskazini pamoja na wezi wa kuku. Kadi arobaini nilizichoma. Karatasi nzuri inachelewa kushika moto.

Jioni ya siku waliyomkamata nilikukuta unapepea mkaa kwenye mbabula. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikakuambia, «Amisi alikimbia. Iko na bibi ingine Kipushi.» Ukauliza, «Njo nani alikwambia, Baba?» Nikasema batu bote banajua, ni weye tu. Hukulia. Uliendelea kupepea. Siku ile bukari iliungua sufuriani, nami nikakugombeza mbele ya jirani kwamba msichana asiyejua kupika ndiye anayekimbiwa. Nilisema hivyo. Nadhani unakumbuka. Jirani alilibeba neno lile mpaka bombani, na kwa miezi wasichana walipokuona na ndoo waliimba wimbo wa kukucheka, wa yule bibi wa Kipushi, ukawa unakwenda kuchota maji adhuhuri, jua la utosini, ili usiwakute. Nilikuwa nakuona unavyotoka. Nilijua ni kwa nini.

Mwaka haukuisha. Asubuhi moja patroni anakunywa kahawa, amesimama, anatazama barabarani, akasema bila kunigeukia, «Sefu, sasa anglaise iko ya bote. Beusi nao nalipa muzuri.» Akaweka kikombe, akaingia ofisini. Ndiyo hiyo tu. Ile sheria niliyomtoa Amisi kafara kwa ajili yake ilikufa kati ya mafunda mawili ya kahawa. Mchana ule nilimpangia anglezi fundi cherehani wa mtaa wetu, naye akanishukuru mimi.

Ungedhani hapo ningekuambia. Nilidhani hivyo pia. Lakini uongo wa kwanza mtu anausema kwa hofu. Wa pili anausema ili kuutunza wa kwanza, na huo wa pili ndio unaokuwa kazi yake ya kila siku.

Kiangazi kilichopita Amisi alikuja. Alikuwa na ruhusa ya siku chache kutoka Bukama. Hakuja nyumbani, maana mchumba aliyefukuzwa haendi ukweni bila kuitwa. Alinisubiri mlangoni pa karakana saa sita, amekonda, amevaa shati safi. Akasema akitazama viatu vyangu, «Baba, sikuje juu ya kugombana. Niko na kazi Bukama, ku ghala ya bintu bya meli, naandika majina ku mizigo. Naomba tu ruhusa ya kuonana na Zaina. Akisema hapana, narudia na treni ya kesho.»

Alikuwa amekuja kunichukulia kwa upole, unaelewa? Hakutaka hata kulitaja nililomtendea. Lakini mkionana, ungemuuliza habari za mwanamke wa Kipushi, naye asingejua unasema nini, na hapo ningekuwa nimekwisha. Nikamwambia arudi kesho saa ile ile.

Mchana ule nilipanga kadi moja. Kwa Z iliyobaki. «Sefu bin Kasongo ana furaha kuwatangazia ndoa ya binti yake Zaina na Bwana Ramazani, mfanyabiashara wa Kindu.» Ramazani alikuwa amekuposa kabla ya mvua nami nilikataa, kwa kuwa ana umri wangu na anakohoa. Nililichukua jina lake kwa sababu lilikuwa karibu. Nikaichapa mara moja, kwenye karatasi ya Wazungu, yenye ukingo wa dhahabu. Ningeweza kumwambia kwa mdomo, «ameolewa,» lakini mdomo wangu alikuwa ameshausikia ukisema uongo. Anglezi hakuwahi kuzisikia. Hakuna anayebishana na anglezi. Wanangu wale wa risasi walikuwa wamezoea kutangaza harusi na mazishi ya wakubwa, na kitu wanachokitangaza wao watu hukivulia kofia.

Kesho yake saa sita aliisoma mara mbili. Kisha akaiinamisha kwenye mwanga, kama nilivyomfundisha, kuangalia kama herufi zimebonyea sawasawa. Akasema, «Umeipanga muzuri, baba. Ile Z imekaa.»

Akaomba aichukue. Nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili, kama vile unavyopokea kitu cha mkubwa, akaenda zake. Nilirudi ndani nikala chakula changu chote, na kilikuwa kitamu. Nakuambia hata hilo.

Ila kadi ikishachapwa inadai. Watu wa meli za mtoni huja huku na kurudi Bukama kila wiki. Mmoja angemwambia Amisi kwamba binti wa Sefu bado anachota maji Kamalondo. Kwa hiyo nilimwandikia Ramazani kwamba nimebadili nia. Kwako nilisema ameomba tena, ameshikilia, ni mtu wa dini, ana nyumba ya matofali. Ulikuwa unachambua mchele. Ukasema, «Baba, yeyote. Mi naona bote sawa.» Nikaenda nikapanga kadi hamsini za kweli, zile shangazi yako anazozionyesha kila mgeni, na wewe hukuzitazama hata moja. Basi hiyo ndiyo ndoa yako. Hukutafutiwa mume, Zaina. Ilitafutwa ndoa ya kuufanya uongo wangu uwe kweli, na wewe ukawekwa ndani kama herufi inayojaza nafasi.

Umri huu nimejifunza machache, na yote nimejifunza kwenye migongo ya watu. Kitu kizuri kwa macho hakina deni la kusema kweli. Mtu anayekunyamazia kwa heshima usimchukulie kwamba amekubali. Na mimi, ukiniona nalia, kama kesho nitalia, usiharakishe kunionea huruma. Nililia siku ile juu ya jina lako na siku ya tatu yake nikakuuza. Mama yako, Mungu amrehemu, aliwahi kuniambia, «Weye Sefu uko na mikono ya malaika na roho ya panya.» Nilimpiga. Alikuwa na haki.

Nakupenda. Nimekupenda siku zote hizo, hata ile ya bukari, na hakuna siku moja upendo huo ulikufaa kitu.

Sasa nakuambia la mbele. Nikahi haijafungwa. Itafungwa Kindu, mbele ya baba yako mdogo atakayesimama badala yangu, na mpaka hapo wewe si mke wa mtu. Treni itawashusha Bukama, na mtangoja meli huko siku mbili, labda tatu, maji yakiwa machache. Ghala la mizigo liko gatini penyewe, huwezi kulikosa. Kibarua mmoja wa meli aliyekuja wiki hii kuchapisha vyeti aliniambia yuko karani pale anayeandika majina kwenye magunia kwa mwandiko wa Kizungu hata wapagazi wanasimama kuangalia. Jina lake Amisi. Kama ana mke, kibarua hakujua, nami niliogopa kuuliza. Inawezekana anaye. Inawezekana utasimama pale na sanduku lako kama mjinga, naye atakutazama wewe na kumtazama mtoto wake mgongoni mwa mwanamke mwingine. Sina cha kukuahidi.

Nilikuwa nimepanga barua hii nimpe shangazi yako, akupe mkishapanda meli. Ningekuwa nimetubu, nawe usingeweza kufanya lolote. Nililifikiria jambo hilo kwa furaha kwa siku nne nzima. Leo alasiri nimelitupa, sijui kwa nini leo. Nitakupa kesho mkononi, stesheni, kengele ya pili ikilia, ili usipate nafasi ya kuniuliza kitu mbele ya watu.

Ukitaka kwenda kwa Ramazani, nenda. Si mtu mbaya, atakulisha na atakufa mapema. Ukitaka Bukama, mstari huu mwonyeshe shehe wa huko: Mimi Sefu bin Kasongo, baba na walii wake, ninaridhia binti yangu Zaina aolewe na Amisi bin Saidi wa Kongolo, akipenda yeye. Nimeuandika kwa mkono wangu, uone ulivyo mbaya. Lakini usinitegemee zaidi ya mstari huo. Ramazani akija juu, akiuliza, nitasema umekimbia. Nitasema mbele ya watu wote, na mtaa utaniamini, kwa sababu walishaniamini mara ya kwanza. Sitakuja kukutetea. Ningependa kukuambia nimebadilika, nimechoka tu.

Shangazi yako atakaa pembeni yako ukisoma haya, atakuuliza baba anasemaje. Yeye hajui kusoma. Mwambie, baba anasema umtii mume wako. Atafurahi, atasinzia. Wewe angalia nje, na wakipiga kelele «Bukama», shuka na sanduku lako mkononi, usimpe mpagazi.

Baba yako,
Sefu